Tangi la Choo Lisilonyamaza

Nimechagua kwa mazungumzo yetu ya leo habari ambayo watu wenye adabu hawaitaji mezani wala barazani. Na kwa kuwa haitajwi, hasara yake huingia nyumbani, hukaa, na hutoka na fedha za mwenye nyumba pasipo mtu hata mmoja kuiuliza inakwenda wapi. Nasema juu ya tangi la choo ambalo, likiisha kubonyezwa na kumaliza kazi yake, halinyamazi kama lipasavyo, bali huendelea kutiririsha maji saa baada ya saa, usiku kucha, na pengine mwaka mzima, hata wenyeji wakaizoea ile sauti na kulala nayo, wakawa hawaisikii ila siku wanapofikiwa na mgeni anayeuliza asubuhi kama usiku ilinyesha mvua.

Kabla ya kushika spana ni afadhali tushike hesabu, maana wengi hudhani kuwa maji yanayopotea kwa njia hii ni haba. Tuseme kwamba tangi linavujisha kikombe kimoja cha chai, yaani robo ya lita, kwa kila dakika: huo ni mchirizi mwembamba ambao jicho lisilotazama kwa makusudi haliuoni ukishuka katika bakuli jeupe. Mchirizi huo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, na kwa mwezi mmoja ni karibu mita za ujazo 11. Tuyapime sasa kwa kipimo ambacho kila mtoto wa Bukavu anakijua, bidoni ya njano ya lita 20: ni bidoni 18 kila kukicha. Wanawake wanaopanda vilima vyetu na bidoni mgongoni, kamba imepita katika paji la uso na shingo imekaza, hawahitaji kuelezwa bidoni 18 ni kitu gani. Anayehitaji kuelezwa ni yule aliye na choo cha maji ndani ya nyumba, kwa sababu kwake yeye maji hayana uzito. Na tangi likiwa limeharibika kweli kweli, likatoa lita nzima kwa dakika, hesabu hufika lita 1,440 kwa siku, bidoni 72, ambazo zingetosha ukoo mzima pamoja na wageni wa harusi.

Mji wetu una tabia yake katika jambo hili, na asiyeijua tabia hiyo hawezi kulitengeneza tangi la Bukavu likatengenea. Regideso, shirika linalotugawia maji, iliundwa mwaka 1939, siku ambazo mji huu uliitwa Costermansville na wenye mabomba majumbani walikuwa wachache, wengi wao katika rasi zinazoingia ziwani. Na maji tunayoyatumia leo sehemu kubwa hutekwa katika mto Murhundu, upande wa Kabare. Tangu zama hizo watu wameongezeka kuliko mabomba, vita vimewasukuma wanavijiji kukimbilia mjini, na vilima vimejaa nyumba hata mahali ambapo mbuzi husimama kwa shida. Matokeo yake ni kwamba maji hayakai katika bomba wakati wote, bali huja, huenda, hurudi usiku wa manane, na yanaporudi hutanguliwa na hewa inayokohoa katika bilula, kisha hufuata maji mekundu yenye udongo, kutu na mchanga mwembamba, hasa majira ya mvua. Mchanga huo ndio adui wa tangi la choo. Mafundi wa miji ambayo maji hayakatiki watakuambia kwamba tangi huvuja kwa uzee wa mpira, na huko kwao wanasema kweli. Lakini hapa petu mpira mwingi hutiwa hatiani, ukang'olewa na kutupwa jalalani, kwa kosa la punje moja ya mchanga.

Wapo watakaosema kwamba ziwa liko miguuni petu, lina kina kinachopita mita 450, basi ya nini kuhesabu vikombe? Wanazuoni wa fiqhi walikwisha kulijibu neno hilo zamani, walipoifanya israfu ya maji katika udhu kuwa karaha hata kwa mtu aliyekaa ukingoni mwa mto upitao. Na mimi, ambaye si mwanazuoni, naongeza jambo moja la dunia tu, kwamba maji hayafiki chooni kwako kwa hisani ya ziwa: kila lita imetekwa mbali, imechujwa, imetiwa dawa na imesafirishwa katika chuma kupita mabonde na vilima, na gharama ya safari hiyo ni ile ile, itumike lita hiyo kwa kupikia maharagwe au ipite katika bakuli la choo pasipo kazi.

Chombo chenyewe kina nasaba yake. Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa mtengeneza saa mjini London, alipata hati ya ubunifu mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopindwa, ili maji yabaki katika kile kipindo na kuizuia harufu isipande. Na katika watu wote wanaoketi salama kwa sababu yake, sijui nani amewahi kumwombea heri. Katika ulimwengu wetu wa Kiswahili anayekumbukwa kwa maji ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, ambaye aliwaletea watu wa mjini maji safi ya mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Lakini historia inayotuhusu jioni hii ni ya tofauti ndogo iliyokuwapo kati ya Waingereza na majirani zao wa bara la Ulaya. Waingereza, kwa kuchukia kupoteza maji, waliweka kanuni kwamba tangi la choo lisiwe na mlango chini yake: mtu akivuta mkono wa tangi, maji husukumwa juu, yakapita mgongo wa sifoni, na yakisha kuanza safari huvutana yenyewe mpaka tangi likauke, na kwa kuwa chini hakuna mlango, chini hakuvuji. Kanuni hiyo ilidumu hata mwanzoni mwa 2001 ndipo ikalegezwa. Vyoo vya kale vilivyofungwa wakati wao kule Mombasa, Unguja na Kampala aghalabu ni vya namna hiyo. Sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji tulirithi desturi nyingine, ya tangi lenye mlango chini, unaozibwa kwa duara la mpira na kuinuliwa kwa kifundo au kitufe cha juu. Na matangi ya plastiki yanayoletwa leo kutoka China, yenye vitufe viwili, kimoja cha lita 3 na kimoja cha lita 6, yana mlango ule ule. Maana yake ni kwamba tangi la Unguja la zamani lina mahali pamoja pa kutazamwa, na tangi la Bukavu lina mahali pawili: juu yanakoingilia maji, na chini yanakotokea.

Kujua ni wapi kati ya hapo pawili ndiyo elimu yote ya kazi hii, na ajabu ni kwamba watu huiruka. Nilibahatika kuwapo katika nyumba moja ya mtaa wa Nguba siku alipoitwa fundi mmoja mzee wa komuni ya Kadutu, mtu wa maneno machache, kofia haimtoki kichwani hata ndani ya nyumba, ambaye ameshika mabomba tangu ujana wake. Mama mwenye nyumba alimpokea akiwa na mfuko wa plastiki mkononi.

"Papa fundi, nimeshanunua mashine nzima. Muuzaji amesema hii ya zamani imekufa."

"Mama, iweke kando hiyo mashine, na mfuko wake usiufungue, ili ukiirudisha waipokee. Kwanza tutazame maji yanasimama wapi."

Akaondoa kifuniko cha tangi kwa mikono miwili, akakilaza juu ya kitambaa sakafuni, kwa sababu kifuniko cha kauri kikigusa saruji kwa pembe hupasuka, na kukipata kingine cha kulingana nacho ni tabu kubwa. Baada ya hapo hakugusa kitu. Alisimama, mikono nyuma, akatazama ndani kwa kitambo ambacho mama yule alikiona kirefu, maana alikwisha kuandaa ndoo, tochi na matambara, na huyu fundi hakuomba hata kimoja.

Alichokuwa akikitazama ni hiki. Katikati ya kila tangi la namna hii lipo bomba lililosimama wima, lililo wazi juu, kazi yake ni kuyapokea maji yakizidi kipimo na kuyapeleka katika bakuli badala ya kuyaacha yafurike sakafuni. Ikiwa maji yamepanda hata mdomo wa bomba hilo na yanaingia humo, basi lawama ni ya mlango wa juu, ambao umeshindwa kufunga. Ikiwa maji yamesimama chini ya mdomo huo, hayaufikii, na sauti bado ipo, au tangi linanyamaza kisha baada ya muda linajijaza lenyewe ilhali hakuna aliyeingia chooni, lawama ni ya mlango wa chini: maji yanatoroka kidogo kidogo, kimo kinashuka, boya linashuka nacho, na mlango wa juu, ambao hauna kosa lolote, unafunguka kwa utiifu kujaza kile kinachopotea. Kuubadilisha mlango wa juu katika hali hii ni kumfukuza mtumishi mwaminifu, na mlango huo ndio hasa aliokuwa ameununua mama wa Nguba.

Mwenye shaka asibaki nayo, kwa kuwa ushahidi ni rahisi kuupata. Funga koki ndogo inayoleta maji katika tangi, chora kwa penseli alama ya kimo cha maji ukutani mwa tangi kwa ndani, nenda zako kwa nusu saa, kisha rudi utazame: maji yakiwa yameshuka chini ya alama, mpira wa chini unavuja, hapana mjadala. Ama, bila ya kufunga koki, tia katika tangi bluu kidogo ya kufulia nguo, na uwakataze watoto kubonyeza. Bluu ikionekana katika bakuli pasipo mtu kuvuta, na maji hayakuufikia mdomo wa lile bomba la wima, shahidi amekwisha kusema.

Kwa mama yule maji yalishuka chini ya alama. Fundi alibonyeza tangi likauka, akaishika ile nguzo ya plastiki iliyo katikati, akaizungusha robo ya duara kinyume cha saa, ikaachia, akaitoa nzima mikononi mwake pasipo spana. Chini yake palikuwa na duara la mpira jeusi, lenye utelezi kama ngozi ya kambare, na alipolifuta kwa kidole cha gumba akatuonyesha, akiligeuza mbele ya dirisha, mfereji mdogo uliochimbwa katika uso wa mpira, na ndani ya mfereji ule punje ya mchanga imekaa imara kabisa. Aliitoa kwa ukucha. Kisha akaligeuza duara la mpira juu chini, maana upande wake wa pili ulikuwa bado sawasawa, akaupangusa kwa kitambaa ukingo wa plastiki ambao mpira hukalia, akapitisha kidole kuuzunguka wote kuhakikisha kwamba hakuna kitu kigumu kilichobaki, akairudisha nguzo na kuizungusha ikashika.

"Ni hayo tu, papa?"

"Ni hayo tu, mama. Lakini mchanga utarudi, na huo upande wa pili ndio wa mwisho. Siku yoyote ukipita Kadutu sokoni, chukua mpira mpya, uje na huu wa zamani mkononi ulinganishe, maana haulingani kila mmoja."

Neno hilo la mwisho liwekwe moyoni, kwa sababu matangi ya mji huu yametoka nchi nyingi na katika zama nyingi, na hakuna kipimo kimoja. Wapo mafundi wanaokata duara hilo kutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Siwacheki, maana mpira ule huvumilia maji miaka mingi, mradi ukatwe mahali pasipo na kiungo wala kiraka, na kingo zake ziwe laini. Ninaowakataza ni wale wanaoupaka mpira mafuta ya kujipaka mwilini ili ulainike, kwani mafuta hayo huufanya mpira wa asili uvimbe na kuoza. Na wale wanaotumbukiza vidonge vya klorini ndani ya tangi ili choo kinukie vizuri, kisha wakashangaa mpira unakakamaa na kupasuka kabla ya wakati wake. Dawa ya choo itiwe katika bakuli. Ukingo wa mlango ukiwa na ukoko mweupe, siki ya kawaida ya jikoni, iliyoachwa juu yake kwa saa moja au zaidi, huulainisha, nao hupanguswa kwa kitambaa. Kisu na msasa visitumike, kwa kuwa mikwaruzo yake haizibwi na mpira wowote. Na kabla ya kuulaumu mpira, mtu atazame vilevile kile kijiti kilicho chini ya kitufe, au mnyororo ikiwa tangi ni la mnyororo: kikiwa kirefu mno, au mnyororo ukiwa umevutika, mlango hubaki umeinuliwa unywele mmoja, na unywele mmoja unatosha.

Mlango wa juu nao una maradhi yake, machache na ya kueleweka. Inua boya kwa mkono. Maji yakikatika, mlango ni mzima na kosa ni la kipimo: teremsha boya kwa kuzungusha parafujo yake, au, kama ni lile la kale lenye mkono wa shaba, upinde mkono kidogo kuelekea chini, hata maji yasimame kiasi cha sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la wima. Litikise boya lenyewe karibu na sikio. Likiwa na maji ndani halielei tena, nalo halina dawa ila kubadilishwa. Litazamwe pia kama haligusi ukuta wa tangi, jambo ambalo katika nyumba zetu zilizolala upande mmoja kwa sababu ya kilima si nadra. Lakini ukiinua boya mpaka mwisho na maji yasikatike, basi ndani ya mlango mna mchanga, au kile kiwambo chake kidogo cha mpira kimechoka. Funga koki, fungua kifuniko cha mlango, toa kiwambo ukisuuze. Kisha, ukiwa umelifunika tundu kwa kikombe kilichopinduliwa ili usirukiwe usoni, fungua koki kidogo kwa nukta chache, maji yausukume nje mchanga uliosalia. Ukikirudisha kiwambo na maji yakakatika, umeokoa bei ya mashine nzima. Yasipokatika, hapo sasa, na si kabla ya hapo, nenda dukani.

Kuna malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara, ya watu wasemao kwamba tangi lao ni zima mchana na gonjwa usiku. Hayo si mazingaombwe. Mchana bilula zote za mtaa zimefunguliwa na nguvu ya maji imegawanyika. Usiku wengi wamelala, zimefungwa, na nguvu yote hubaki ndani ya bomba, ikausukuma mlango wa tangi lako kuliko unavyoweza kustahimili. Zingatieni pia kwamba kila mita 10 za kushuka wima huongeza shinikizo la maji kwa kiasi cha anga moja, na mji huu ni miteremko mitupu, kutoka vilele vya juu hata usawa wa ziwa ulio karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo walioko chini kabisa, pembeni mwa ziwa, hupata maji yenye hasira, na walioko juu hupata maji yenye unyonge, ingawa bomba ni moja. Aliye chini na afunge koki ya choo nusu: tangi litajaa polepole, na mlango hautapigwa na maji kwa kishindo.

Na sasa niseme juu ya ile koki, kwa sababu nashikilia kwamba katika Bukavu koki ni muhimu kuliko mpira. Maji yakiwa yamekatika siku mbili au tatu, mazoea yetu ni kuacha kila kitu wazi, ili tusikie yanaporudi. Na yanaporudi, aghalabu saa ambayo wenye nyumba wamelala fofofo, ule mkupuo wa kwanza wenye udongo na kutu huingia moja kwa moja katika tangi la choo, hupakua mchanga wake juu ya mpira na ndani ya kiwambo, na kuanzia hapo tangi huimba mpaka alfajiri. Dawa yake haina gharama. Maji yakikatika, funga koki ya choo. Yakirudi, fungua kwanza bilula ya uani, iliyo chini kuliko zote, uyakinge yale mekundu katika ndoo kwa kumwagia bustani au kufulia matambara, na uyaache yatoke mpaka yatakate. Ndipo uifungue koki ya choo. Nyumba ambayo haina koki hiyo, na ziko nyingi, maana waliozijenga waliona kuwa ni gharama isiyo na maana, na iwekewe: ni kazi ya fundi ya asubuhi moja.

Iko hasara nyingine isiyoandikwa katika ankara. Mji wetu hauna mfumo wa mabomba ya maji machafu unaofika kila nyumba. Maji ya choo huishia katika shimo la uani, na kutoka shimoni hunyonywa na udongo wa kilima. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya aila moja, likapokea mchana na usiku bidoni 18 za maji yasiyokuwa na kazi, hujaa kabla ya miaka yake, na udongo unaolizunguka hulowa ukalegea. Nanyi mnajua ardhi yetu ilivyo. Huko Funu, katika Kadutu, mteremko mzima unatambaa polepole kuelekea bondeni, jambo lililopimwa na wanajiolojia hata kwa satelaiti, na kuta za nyumba za huko zinalisimulia kwa nyufa zake. Sisemi kwamba vyoo ndivyo vilivyouanzisha mwendo ule, kwani ni wa kale kuliko mabomba. Nasema tu kwamba maji yanayozama katika udongo wa kilima huuongezea uzito na kuupunguzia mshiko, na aliyejenga katika mteremko hana haki ya kuuongezea kilima maji ambayo hata yeye mwenyewe hakuyatumia, ilhali chini yake kuna jirani aliyelala na watoto.

Wengi wamekata tamaa na tangi, wakalifunga kabisa, na sasa wanamwaga maji kwa ndoo. Sioni aibu katika hilo. Ndoo ya mtu mwenye kiasi hutumia maji machache kuliko tangi linalovuja, na kuliko matangi mengi ya kale, ambayo humeza lita 9 au zaidi kwa kila mvuto hata yakiwa mazima. Mwenye tangi la kale asiyetaka kuliacha aweke ndani yake chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, mbali na boya, na kila mvuto utapungua kwa kadiri ya chupa hiyo. Lakini asiweke tofali, kwa maana tofali humomonyoka, na tumekwisha kuzungumza vya kutosha juu ya mchanga.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye nyumba zenye wapangaji wengi katika parseli moja, mita moja na ankara moja, ambao kila mwisho wa mwezi huwakusanya wapangaji uani na kugawanya deni kwa vichwa, huku kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwamba ndiye anayefua sana. Kabla ya mkutano ujao fungeni bilula zote za parseli, mtazame kile kigurudumu kidogo kilicho katika uso wa mita. Kikiwa kinazunguka ilhali hakuna anayeteka, msimtafute mwizi miongoni mwa wapangaji. Ingieni chooni, mwondoe kifuniko cha tangi, mtazame maji yanasimama wapi, na gharama ya mpira na ya koki iwe juu yenu ninyi wenye nyumba.